Mgeni wa Oksaidi ya Zinki

Wengi waliopitia maabara ya kemia katika shule za sekondari za Afrika Mashariki watakumbuka jaribio moja dogo. Mwanafunzi hutia unga mweupe katika neli ya kioo, huupasha moto, na unga huo hugeuka kuwa wa manjano. Ukiachwa upoe, hurudia weupe wake. Mwanafunzi huandika katika daftari lake: manjano ukiwa wa moto, mweupe ukipoa, kwa hiyo zinki ipo. Unga unaofanya kinyonga namna hiyo ni oksaidi ya zinki.

Nje ya shule, unga huo umo katika mambo mengi ambayo watu huyatumia bila kuulizia jina lake. Umo katika dawa ya kalamaini anayopakwa mtoto aliyetokwa na tetekuwanga, katika krimu ya kuzuia upele wa nepi, katika mafuta ya kukinga ngozi na jua, na kwa wingi zaidi katika mpira wa matairi ya gari, ambako husaidia mpira kuiva na kukaza. Lakini tangu kuanza kwa karne hii umepewa kazi nyingine isiyofahamika sana nje ya vyuo vikuu. Watafiti huukuza uwe vijiti, nyuzi na maua madogo mno, kisha hupandikiza ndani yake chembe chache za metali zinazoitwa adimu, wakitarajia kupata mwanga wa rangi safi kwa ajili ya taa na vioo vya kuonyeshea picha. Na katika kazi hiyo liko swali ambalo limewasumbua kwa zaidi ya miaka 20: chembe hizo huingia kweli ndani ya fuwele, au hubaki nje?

Kipimo kinachotumika hapa ni nanomita, yaani sehemu moja ya milioni ya milimita. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita 80,000 hivi. Kijiti kimoja cha oksaidi ya zinki kinaweza kuwa na unene wa nanomita 50 tu. Mwaka 2001 ndio ulioipa fani hii msukumo mkubwa. Katika mwaka huo kundi la Profesa Peidong Yang, katika Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley, lilionyesha kwamba nyuzi za namna hiyo, zilizosimama wima kama mabua shambani, zinaweza kutoa mwanga wa leza katika joto la kawaida la chumba. Mwaka huo huo kundi la Profesa Zhong Lin Wang, katika Taasisi ya Teknolojia ya Georgia nchini Marekani, lilitangaza kwamba limetengeneza mikanda myembamba ya oksaidi za metali, ile ya zinki ikiwa miongoni mwake.

Kwa nini oksaidi ya zinki, na si unga mwingine? Jibu liko katika jinsi inavyoushika mwanga. Mwale wa urujuanimno, ule mwanga usioonekana unaopita rangi ya zambarau, ukiipiga fuwele hii, elektroni moja huruka kutoka mahali pake na kuacha pengo. Elektroni na pengo lake hubaki zimeshikana mikono kwa muda mfupi sana, kisha hukutana tena na kutoa mwanga. Joto la chumba nalo hujaribu kuzitenganisha. Katika nitridi ya galiamu, ambayo ndiyo iliyomo katika taa nyingi nyeupe za leo, nguvu ya mshikamano huo inakaribia kulingana na nguvu ya joto la chumba. Katika oksaidi ya zinki mshikamano unazidi joto hilo zaidi ya mara mbili. Zaidi ya hayo, zinki ni rahisi na inapatikana kwa wingi.

Kasoro ni kwamba mwanga unaotoka una urefu wa wimbi wa nanomita 380 hivi, na jicho la mwanadamu haliuoni. Anayetaka rangi nyekundu au kijani hana budi kumwalika mgeni. Hapo ndipo metali adimu zinapoingia.

Habari za metali hizo zilianzia katika machimbo ya kijiji cha Ytterby, karibu na Stockholm, nchini Uswidi. Mwaka 1787 ofisa wa jeshi Carl Axel Arrhenius aliokota huko jiwe jeusi zito, na mwaka 1794 mwanakemia Johan Gadolin akatangaza kwamba amekuta ndani yake udongo wa aina isiyojulikana. Elementi nne zimepewa majina yanayotokana na kijiji hicho kimoja: itriamu, terbiamu, erbiamu na iterbiamu. Neno adimu lenyewe linapotosha kidogo, kwa kuwa seriamu, ambayo ni mojawapo, inakaribiana na shaba kwa wingi katika miamba ya dunia. Taabu yake ni kwamba hazipatikani zimejikusanya pahala pamoja, tena zinafanana mno kitabia hata kuzitenga ni kazi ya jasho.

Yuropiamu, ambayo ndiyo hasa inayozungumziwa katika makala haya, ilitengwa mwaka 1901 na Mfaransa Eugène-Anatole Demarçay. Ilikaa miongo sita bila shughuli kubwa. Mwaka 1964 ikatangazwa kwamba, ikipandikizwa katika kiwanja cha itriamu na vanadiamu, hutoa wekundu ambao televisheni za rangi zilikuwa zikiukosa. Wale waliokaa mbele ya televisheni ya rangi ya Zanzibar katika miaka ya 1970 waliuona wekundu wa aina hiyo bila kujua jina lake. Ndugu zake nao hawakukaa bure. Terbiamu hutoa kijani. Erbiamu hutoa miale isiyoonekana yenye urefu wa nanomita 1,540, na ndiyo inayokuza mawimbi ya mwanga ndani ya nyaya za baharini. Nyaya za SEACOM na EASSy, zilizofika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009 na 2010, zina vikuza mwanga vya erbiamu njiani chini ya Bahari ya Hindi. Anayesoma maneno haya kwa mtandao huenda anasoma kwa hisani ya erbiamu.

Sifa kubwa ya metali hizi ni ukaidi wao. Elektroni zinazotoa mwanga zimejificha ndani ya atomi, zimezingirwa na elektroni nyingine za nje, na kwa sababu hiyo hazijali sana ziko katika nyumba ya nani. Yuropiamu hutoa mstari wake mwekundu kwenye nanomita 615 au karibu na hapo, iwe katika kioo, katika plastiki au katika fuwele. Mtengenezaji wa taa hupenda rangi isiyoyumba namna hiyo. Lakini kujificha huko kuna gharama: kama vile hazisumbuliwi na majirani, ndivyo pia zinavyoshindwa kuunasa mwanga unaopita. Yuropiamu peke yake hula kidogo sana.

Basi wazo likazaliwa, na ni wazo zuri. Oksaidi ya zinki inameza urujuanimno kwa pupa lakini haitoi rangi inayofaa. Yuropiamu inatoa rangi nzuri lakini haina hamu ya kula. Mmoja awe mwenyeji, mwingine awe mgeni. Mwenyeji apokee nishati na kumpitishia mgeni, na mgeni atoe wekundu.

Namna ya kupika ni nyepesi kuliko wengi wanavyodhani, na hilo limechangia kuieneza kazi hii hadi katika vyuo visivyo na fedha nyingi. Njia iliyopata umaarufu baada ya mwaka 2003, kutokana na kazi ya mtafiti Lionel Vayssieres, haihitaji tanuri la moto mkali wala chumba kilichotolewa hewa. Mtafiti huchukua mililita 100 za maji safi, akayeyusha humo robo tatu ya gramu ya naitreti ya zinki na kiasi cha theluthi moja ya gramu ya heksamini, kemikali ile ile ambayo wapiga kambi na wanajeshi huichoma katika vidonge vya kuchemshia chai. Kama anataka atomi moja ya yuropiamu kwa kila atomi 100 za zinki, huongeza miligramu 11 hivi za naitreti ya yuropiamu, kiasi kinacholingana na punje chache za chumvi. Chombo hufungwa na kuwekwa katika joto la nyuzi 90 kwa saa kadhaa. Heksamini huvunjika polepole na kutoa amonia, maji hupoteza ukali wake kidogo kidogo, na vijiti vyenye pembe sita huanza kuota juu ya kipande cha kioo au silikoni kilichopakwa mbegu. Asubuhi kioo kilichokuwa kikipitisha mwanga kimefunikwa na utando mweupe kama wa maziwa.

Hadubini ya elektroni huonyesha picha ya kupendeza: msitu wa nguzo, kila moja na pembe zake sita kamili. Picha za namna hiyo zimepamba majalada ya majarida mengi ya kisayansi. Hata hivyo, picha haisemi yuropiamu iko wapi.

Na sababu za kushuku ni nzito. Yuropiamu ina chaji tatu chanya, ilhali zinki ina mbili, kwa hiyo anayeketi mahali pa zinki huleta chaji moja ya ziada ambayo sharti isawazishwe kwa namna fulani. Wako wanaoongeza lithiamu yenye chaji moja ili hesabu ilingane. Halafu kuna kimo. Zikipimwa katika hali moja, ioni ya yuropiamu ina ujazo unaozidi maradufu ule wa ioni ya zinki. Tena zinki katika fuwele hii imezungukwa na oksijeni nne, ambapo yuropiamu huridhika ikizungukwa na sita au zaidi. Ni kama kumkaribisha mtu mwenye mwili mkubwa akae kwenye kigoda cha mtoto. Anaweza kujibana akakaa. Lakini mlango ukifunguliwa kidogo, yaani fuwele ikipashwa moto ili kuirekebisha, hutoka na kwenda kukaa barazani na wenzake, wakatengeneza kitongoji chao cha oksaidi ya yuropiamu juu ya ngozi ya kijiti.

Katika miaka ya 2000 makala nyingi zilichapishwa zikidai kwamba mgeni ameingia ndani, na ushahidi uliotolewa mara nyingi ulikuwa wa aina mbili. Wa kwanza ni eksirei. Miale hiyo ikipigwa juu ya fuwele hurudi katika pembe maalumu, na kwa oksaidi ya zinki pembe zinazotambulisha ni za nyuzi 31.8, 34.4 na 36.3. Kama vilele vingine havionekani, huandikwa kwamba hakuna oksaidi ya yuropiamu iliyojitenga, na kwa hiyo yote imeingia. Hoja hii ina tundu. Kipimo cha eksirei cha kawaida hakikioni kitu ambacho ni chini ya asilimia chache za mchanganyiko, na hukiona kwa shida zaidi kama kimetawanyika katika vipande vidogo sana. Aliyepandikiza asilimia moja hawezi kutegemea ukimya wa eksirei. Afadhali achunguze kama vilele vyenyewe vimesogea kuelekea pembe ndogo, ishara kwamba fuwele imepanuka kumpisha mtu mnene, ingawa hata kusogea huko kuna sababu nyingine nyingi.

Ushahidi wa pili ni mwanga wenyewe: unga ukimulikwa, unang'aa mwekundu. Hapa ndipo wasomaji wa haraka wamedanganyika zaidi. Yuropiamu ikimulikwa kwa mwanga wa nanomita 394 au 465, hujilisha yenyewe moja kwa moja na kung'aa, iwe imekaa ndani, barazani, au ng'ambo ya barabara. Wekundu wa namna hiyo hauthibitishi undugu wowote na oksaidi ya zinki. Ni sawa na kumkuta mtu ameshiba karibu na nyumba ya jirani na kuhitimisha kwamba amelishwa na jirani.

Aidha, mwenyeji mwenyewe hana uaminifu kamili. Fuwele iliyokuzwa katika maji ina kasoro nyingi: mahali ambapo oksijeni imekosekana, mahali ambapo zinki imekosekana, na vitu vilivyonaswa kutoka katika maji. Kasoro hizo hunyakua nishati kabla haijamfikia mgeni na kutoa mwanga wao mpana wa kijani, manjano au machungwa. Chanzo cha kijani hicho kimebishaniwa kwa miongo mingi, na ubishi haujesha. Isitoshe, elektroni na pengo lake katika oksaidi ya zinki hukutana tena katika muda wa nanosekunde moja au karibu na hapo, ilhali yuropiamu hukaa na nishati yake kwa muda unaokaribia milisekunde moja kabla ya kutoa mwanga. Tofauti hiyo ni ya mara milioni moja. Mwenyeji anapakua na kuondoa sahani kabla mgeni hajanawa mikono.

Inafaa kulinganisha na jamaa yake. Katika nitridi ya galiamu kazi hii ilifaulu: mwaka 2009 kundi la Profesa Yasufumi Fujiwara katika Chuo Kikuu cha Osaka, Japani, lilitangaza taa nyekundu inayowaka kwa umeme kutokana na yuropiamu iliyopandikizwa humo. Galiamu ina chaji tatu kama yuropiamu, kwa hiyo hesabu ya chaji haileti ugomvi. Tena nitridi hiyo inaweza kufanywa aina mbili, moja yenye elektroni za ziada na nyingine yenye mapengo ya ziada, na taa ya umeme huhitaji zote mbili zikutane. Oksaidi ya zinki huzaliwa na elektroni za ziada na hukataa kuwa aina ya pili. Mwaka 2005 kundi kutoka Chuo Kikuu cha Tohoku liliripoti kwamba limeilazimisha ikubali na kutoa mwanga, na shangwe ilikuwa kubwa, lakini kuirudia kazi hiyo kwa uthabiti kumekuwa kugumu. Yeyote anayeahidi leo taa za majumbani za oksaidi ya zinki na yuropiamu anaahidi asichokuwa nacho mkononi.

Na jambo hili si la wanafizikia peke yao. Mwezi Aprili 2025 China iliweka masharti ya leseni kwa uuzaji nje wa baadhi ya metali adimu, terbiamu na itriamu zikiwemo, na maabara na viwanda vya nchi nyingi vikajua vinamtegemea nani. Huko Gakara, magharibi mwa Burundi, uchimbaji wa metali hizi ulioanza mwaka 2017 ulisimamishwa na serikali mwaka 2021. Ngualla, kusini magharibi mwa Tanzania, ilipata leseni maalumu ya uchimbaji mwaka 2023, ingawa thamani kubwa ya mwamba wake ni metali za kutengenezea sumaku, si yuropiamu. Miligramu 11 ni kitu kidogo. Kiwanda kizima kikijengwa juu ya dai ambalo halikupimwa vizuri, kitateketeza nyingi.

Pamoja na hayo, kazi inaendelea, na barani Afrika pia. Katika Chuo Kikuu cha Free State mjini Bloemfontein, Afrika Kusini, kundi la Profesa Hendrik Swart limefanya kazi kwa miaka mingi juu ya unga unaotoa mwanga, oksaidi ya zinki yenye metali adimu ikiwa miongoni mwao. Na katika miaka ya karibuni swali lenyewe limeanza kuulizwa kwa namna tofauti. Chembe yenye kipenyo cha nanomita 5, kwa hesabu ya haraka, ina karibu theluthi moja ya atomi zake katika tabaka la juu kabisa. Katika nyumba ndogo kiasi hicho, baraza ni kubwa karibu kama sebule. Mgeni aliyekaa barazani yuko hatua moja tu kutoka jikoni, na kasoro zile zile zinazoiba nishati huweza, zikipangwa vizuri, kuwa mikono ya kumpitishia sahani. Kwa hiyo wako watafiti walioacha kushindana na kimo cha yuropiamu na kuuliza jambo jepesi zaidi: popote alipokaa, je, analishwa na mwenyeji?

Swali hilo lina kipimo chake, nacho hakihitaji mashine ya mabilioni. Chombo cha kupimia huwekwa kitazame mahali pamoja tu, nanomita 615, na kisiondoke hapo. Kisha taa inayomulika unga hubadilishwa hatua kwa hatua, kutoka mwanga wa buluu hadi urujuanimno, na mtafiti hutazama ni wakati gani wekundu unaongezeka. Mchoro ukionyesha tu vilele viwili vyembamba, cha 465 na cha 394, yuropiamu inajilisha yenyewe na oksaidi ya zinki ni pambo. Lakini taa ikivuka nanomita 375 hivi, mahali ambapo oksaidi ya zinki huanza kumeza mwanga, na mstari ukapanda ghafla kama ngazi na kubaki juu, basi mgeni amekula chungu kimoja na mwenyeji wake.